Majina Aliyoyachapa Hillegond Terbos

Hillegond Terbos alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vyeusi ambavyo sabuni ilikuwa imevikatia tamaa. Jumapili alivaa glavu kwenda kanisani, na akirudi alizivua mlangoni na kuzitupa mezani kama mtu anayevua viatu vinavyombana. Mumewe Wessel alipofariki alimwachia mtambo wa chapa, makasha ya herufi za madini ya risasi, gazeti dogo lililotoka kila Jumanne, na mimi. Sikuwa mali yake. Uhuru wangu niliupata vitani, kwa kuvaa sare badala ya mtoto wa bwana wangu tulipopigana na mfalme wa Uingereza, na vita vilipokwisha Wessel akaniajiri kuvuta mtambo. Naitwa Tite. Mji wetu ni Steenhoek, kando ya mto Hudson, ambako wazee bado wanasali kwa Kiholanzi na kugombana kwa Kiingereza.

Katiba mpya ilitufikia majira ya kupukutika majani, mwaka 1787. Wakubwa wa majimbo yote walikuwa wamejifungia Philadelphia kiangazi kizima, madirisha yamefungwa, na sasa walitaka kila jimbo liitishe wajumbe wake ili walijadili andiko lao na kuliridhia au kulikataa. Mama Hillegond, ndivyo nilivyomwita, aliisoma amesimama, bakuli la ugali na maziwa mkononi. Alipofika mwisho akageuza karatasi nyuma.

"Imeisha?"

"Imeisha, Mama."

"Wameandika posho za wabunge. Wameandika nani atatengeneza sarafu. Mtu kama mimi akichapa neno wasilolipenda, wamesema watamfanyaje?"

"Hawakusema."

"Labda wamesahau."

"Posho hawakuisahau," nikamwambia.

Alicheka, lakini kicheko kilimkatikia njiani. Akaweka bakuli chini, akafunga aproni. Tuliichapa Katiba yote, kuanzia neno la kwanza hadi saini ya mwisho, bila kuongeza letu. "Waisome wenyewe," alisema. "Wakishasoma watakuja kugombana hapa, na hapo ndipo tutafanya biashara."

Walikuja kweli. Majira ya baridi yale Steenhoek iligawanyika katikati kama gogo. Watu wa Ndiyo walikuwa wenye maghala karibu na gati, mawakili, na wenye mashamba makubwa. Watu wa Hapana walikuwa wakulima wa milimani na wapangaji wa mashamba ya wengine. Mkuu wa Ndiyo alikuwa Jaji Lucas Van Aernem, na mtu asidhani alikuwa mjinga au mwovu. Alipigana vita vile vile nilivyopigana mimi. Alisema majimbo kumi na tatu yanayotozana ushuru kama maadui hayawezi kudumu, kwamba Waingereza bado wamekalia ngome zetu za kaskazini kwa sababu wanajua hatuna serikali ya kuwatoa. Kwa hayo hakukosea. Tena alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa marehemu Wessel. Alimwita Mama Hillegond shemeji, na jeneza la Wessel lilikwenda makaburini kwa gari lake.

Upande wa Hapana ulikosa wakili, lakini ulimpata mwandishi. Kila baada ya wiki mbili gazeti letu lilitoa waraka wenye saini "Mtu wa Bondeni". Sasa mwandishi amekufa na hana wa kumdhuru, kwa hiyo nalisema wazi: alikuwa Mchungaji Everardus Blom, mtumishi wa kanisa letu, mzee mwembamba aliyekula chakula cha mchana kila Jumapili mezani kwa Jaji. Nyumba aliyolala ilikuwa ya Jaji, na kuni zake zilitoka msitu wa Jaji. Aliposimama mimbarini sauti ilimtetemeka. Kwenye karatasi hakutetemeka. Aliuliza: mjumbe mmoja atawasemeaje maelfu asiowajua hata kwa sura? Jeshi lisilokwenda nyumbani vita vikiisha litakuwa linamlinda nani? Na kwa nini hakuna orodha ya haki ambazo hata bunge haliruhusiwi kuzigusa?

Jaji alileta jibu. Mama alilichapa sambamba na waraka wenyewe, kwa herufi za ukubwa ule ule. Wiki mbili baadaye Mtu wa Bondeni alilichambua jibu lile taratibu, kwa adabu, mpaka likabaki mifupa. Kwenye vilabu vya pombe watu walilisoma kwa sauti, na kila palipoandikwa "Mheshimiwa amesahau kutueleza" wote waliitikia pamoja kama ibada.

Hapo Jaji akaja dukani mwenyewe, theluji kwenye mabega.

"Shemeji," alisema, "nataka jina."

"Jina gani?"

"Usinichezee. Mtu anitukane mbele ya wilaya nzima, halafu ajifiche nyuma ya sketi ya mjane?"

"Wapi amekutukana? Nionyeshe mstari."

Jaji alichukua gazeti mezani, akapitisha kidole kwenye mistari. "Amenidhihaki."

"Hilo ni kweli. Lete jibu lingine, shemeji. Nitalichapa Jumanne."

"Magazeti ya miji mikubwa hayapokei waraka wowote mpaka mwandishi aache jina lake dukani, na anayelitaka analipata."

"Kwa hiyo una magazeti mengine ya kusoma."

Aliegemea meza, sauti ikashuka. "Hillegond. Nani aliyekupa kazi ya matangazo ya mahakama? Wessel angekuwa hai angenitajia."

"Wessel angekuwa hai," alisema Mama akiendelea kuchomeka herufi bila kumtazama, "angekuwa ameshakutoa nje. Mimi nimelelewa vizuri. Mlango ni ule."

Wiki iliyofuata matangazo ya mahakama yakahamia mji wa jirani. Mama hakuwahi kulizungumza. Aliacha tu kununua sukari.

Mwezi wa tatu Mchungaji akaleta waraka mwingine. Ulihusu vifungu viwili nilivyokuwa nimevisoma mwenyewe mara nyingi, nikiwa peke yangu. Kimoja kilisema bunge halitazuia watu kuletwa utumwani kutoka ng'ambo kwa miaka ishirini ijayo. Cha pili kilisema mtumwa akitorokea jimbo lingine, arudishwe kwa mwenyewe. Mtu wa Bondeni aliuliza kama hicho ndicho kilichopiganiwa, na akawauliza hasa watu wa Hapana, wanaolilia haki zao mchana kutwa, wanazifungia za nani stooni usiku.

Mama aliusoma, akanipa. "Tite, unasemaje?"

"Nasema utapoteza watu wa milimani pia. Nusu yao wanamiliki watu."

"Sikukuuliza nitapoteza nini."

"Nasema uchapwe."

"Basi ongeza wino."

Gazeti lilitoka Jumanne. Jumatano akafika Kapteni Teunis Oosterhoudt, mkubwa wa wanamgambo wa milimani na nguzo ya watu wa Hapana, mtu mwenye kifua kama pipa. Nyumbani kwake kulikuwa na mwanamume, mwanamke na binti ambao hawakuwa na ruhusa ya kuondoka.

"Mama Hillegond, wewe uko upande gani?"

"Upande huu wa meza."

"Tunakununua sisi. Matajiri wamekukimbia. Sasa unatutia kidole cha jicho kwa ajili gani? Mwambie huyo bwana wa Bondeni aandike habari za kodi na jeshi. Hayo mengine ayaache." Akanitupia jicho. "Au kuna mtu humu ndani anayekunong'oneza?"

"Muulize mwenyewe, ana masikio."

Hakuniuliza. Nilimwambia hata hivyo: "Kapteni, mimi navuta mtambo tu. Lakini kama kuna kosa kwenye waraka, leta jibu."

"Na majibu ya Jaji utaendelea kuyachapa?" alimwuliza Mama, kana kwamba aliyesema ni mtambo.

"Nitayachapa."

"Basi hatukujui tena."

"Ulinijua lini, Teunis? Gazeti linatoka Jumanne. Anayelitaka anajua njia."

Mwisho wa mwezi wa nne ukaja uchaguzi wa wajumbe watakaokwenda Poughkeepsie kuijadili Katiba. Safari hiyo jimbo la New York liliruhusu kila mwanamume huru apige kura, mwenye ardhi na asiye nayo. Nilivaa koti langu la vitani. Mama alikuwa kizingitini, mikono kiunoni.

"Mwenye duka anabaki," alisema, "mfanyakazi anakwenda kuamua mambo ya nchi. Vizuri. Funga kifungo hicho cha juu, wasije wakasema nakulipa vibaya."

"Nikupigie ipi, Mama?"

"Piga yako. Yangu wakija kuitaka siku moja, watanikuta hapa."

Nilipiga Hapana. Wilaya yetu yote ilipeleka wajumbe wa Hapana, Kapteni Teunis akiwa mmoja wao, na kwa muda milimani kulikuwa na furaha. Lakini kiangazi kilipoanza habari zilikuja mbaya kwao. Jimbo la tisa limeridhia. Idadi iliyohitajika imetimia. Kisha, siku chache kabla ya sikukuu ya uhuru, mpanda farasi akaleta habari kwamba Virginia nayo imekubali. Sasa Katiba ingeanza kazi, New York ipende isipende.

Watu wa Ndiyo wakatangaza kwamba jioni ya tarehe nne mwezi wa saba kila nyumba ya Steenhoek iweke mishumaa madirishani kwa furaha. Haikuandikwa kwamba nyumba yenye giza ingevunjwa vioo, lakini kila mtu alielewa. Hata watu wa Hapana wa mjini wakatafuta mishumaa.

Huybert Kip, mfanyabiashara wa mvinyo, alipita dukani mchana ameshika kasha. "Mama Terbos, nimekuletea miwili. Bure."

"Asante, Huybert. Nina mishumaa. Naitumia kufanyia kazi."

"Ni mapambo tu. Dakika chache."

"Ninapofurahi nawasha mwenyewe. Leo sijafurahi."

"Watu watakunywa jioni hii. Sitaweza kuwazuia."

"Wewe ndiye unayewauzia, na huwezi kuwazuia?"

Walikuja jua likiwa bado juu ya milima, giza lenyewe hawakuweza kulisubiri. Mbele walipiga ngoma. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya mlango, anamenya maharage. Jiwe la kwanza lilipita juu ya kichwa chake, likaingia dirishani. Hakuinuka. Wawili wakambeba na kiti chake wakamweka pembeni, kwa upole wa ajabu, kama wanahamisha kabati la bibi yao. Mimi nilisimama mlangoni na mkono wa mtambo, chuma kizito. Nilimpiga mmoja begani kabla ya wanne kunilaza sakafuni na kunikalia.

Nikiwa pale chini nilisikia makasha ya herufi yakitolewa nje. Ni sauti ambayo mpiga chapa haisahau, herufi zikimwagika kwenye mawe, kama mvua ya mawe inayonyesha ndani ya nyumba. Maelfu ya a, maelfu ya e, zote barabarani, zikikanyagwa kwenye matope na mavi ya farasi. Mkono wa mtambo wakauchukua. Walipoondoka wakiimba, Mama alikuwa bado kwenye kiti chake pembeni, bakuli la maharage mapajani. Hakuwatukana wala hakulia. Aliwatazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, na nilidhani ni mshtuko.

Asubuhi Mchungaji Blom alikuja bila kofia. Aliona barabara, akapiga magoti kwenye matope na kuanza kuokota.

"Nitakwenda kwa Jaji leo," alisema. "Nitamwambia ni mimi. Siwezi kulala, Hillegond."

"Utakwenda kumwambia, na fujo ya jana itakuwa imewafaa. Watajua wakivunja wanapata. Keshokutwa watavunja kwa mwingine." Akamtolea ndoo. "Ukitaka kutubu, okota. Herufi kubwa weka upande huu."

Alasiri wakafika watu wa milimani, kama thelathini, na marungu na pipa la lami. Walikuwa wamemsusa Mama tangu mwezi wa tatu, lakini habari ziliwapandisha damu. Mkulima mmoja kijana wa kikosi cha Teunis, Kapteni mwenyewe akiwa Poughkeepsie, alisema mazizi ya Jaji yamejaa nyasi kavu na yanahitaji cheche moja tu.

"Kwa ajili yangu?" aliuliza Mama.

"Kwa ajili yako, Mama."

"Basi mimi sitaki. Mkichoma, Jumanne nitawaandika kama nitakavyowaandika wao."

Walitazamana. "Utaandika na nini?" mmoja akauliza. "Huna hata herufi."

"Mna macho thelathini mara mbili. Ndoo ziko ukutani."

Sikuwahi kuona kitu kama kile: wanaume waliokuja kuchoma mazizi wakitambaa barabarani jioni nzima, wakiulizana kama hii ni b au d. Hawakujua kusoma, wengi wao. Mwenye karakana ya chuma akatufulia mkono mpya wa mtambo. Tuliziosha herufi kwa maji ya majivu, tukazipanga usiku na mchana, na bado hazikutosha kwa gazeti zima. Zilitosha ukurasa mmoja.

Jumanne ukurasa ulitoka. Juu kulikuwa na jibu la mwisho la Jaji kwa Mtu wa Bondeni, kwa kuwa lilikuwa limefika kabla ya fujo na Mama aliahidi. Chini yake, kwa herufi za kuokoteza, nyingine kubwa nyingine ndogo, aliandika hivi:

"Kwa miezi mingi mabwana wa mji huu wamenidai jina. Hili la mwandishi sitoi. Lakini sipendi mtu aondoke kwangu mikono mitupu. Wafuatao waliingia dukani kwangu Ijumaa jioni."

Majina yakafuata, kila moja na kazi aliyofanya mwenyewe. Nani alirusha jiwe, nani alibeba kasha, nani alimkalia Tite kifuani. Huybert Kip, muuza mvinyo, alimwaga italiki, herufi zangu za mlazo. Na la mwisho: "Jaji Lucas Van Aernem alisimama getini kwangu, akatazama."

 Wake za waliotajwa walikuja kununua nakala, wakazikunja na kwenda nazo nyumbani. Kesho yake Huybert alikwenda mahakamani kushtaki kwamba amechafuliwa jina, na sheria ilikuwa upande wake, maana siku hizo hata ukisema kweli, kweli yenyewe haikukuokoa. Wenzake walimfuata kutia nguvu. Nilikuwepo, nimetumwa na Mama nisikilize.

Jaji alisoma mashtaka, kisha akasoma gazeti.

"Ni kosa gani lililoandikwa hapa?" aliuliza Jaji.

"Kosa ni kuandika, Mheshimiwa."

"Nauliza kama kuna jina lisilostahili kuwepo." Akalikunja gazeti. "Siwezi kuisikiliza kesi hii. Mimi ni shahidi ndani yake, na shahidi wa nani, hamtapenda kujua. Mkitaka, ipelekeni kwa jaji mwingine, nami nitakwenda kula kiapo kwamba kila neno ni kweli, na la mwisho zaidi ya yote."

Kesi ikafia pale. Jioni Jaji akaja dukani, akabaki mlangoni palipokuwa na dirisha lililofunikwa mbao.

"Umeniandika nilisimama."

"Hukusimama?"

"Nilisimama." Akakuna kidevu. "Nitalipa vioo."

"Walipe waliovunja. Wewe hukugusa kitu."

Hilo lilimwingia kuliko tusi. Alikaribia kuondoka, kisha akageuka. "Hillegond, yamekwisha haya yote. Niambie tu. Alikuwa nani?"

"Usiku mwema, shemeji."

Mwisho wa mwezi ule mkutano wa Poughkeepsie uliridhia Katiba kwa tofauti ya kura tatu, kwa masharti ya maneno tu: kwamba wanaiomba serikali mpya iongeze orodha ya haki. Baadhi ya wajumbe wa Hapana walikuwa wamegeuka. Kapteni Teunis hakugeuka, na alirudi nyumbani mtu mzito kama aliyefiwa. Mama alichapa matokeo yote, na orodha ya waliosema Ndiyo na Hapana, bila kuongeza lake.

Miaka zaidi ya mitatu ikapita kabla nyongeza zile kuwa sheria kamili. Mchungaji alikuwa ameshazikwa. Zilipofika, Mama alipanga herufi za nyongeza ya kwanza kwa mkono wake, ile isemayo bunge lisitunge sheria ya kuzuia watu kusema wala kuchapa. Kapteni Teunis, ambaye hakuwa amekanyaga dukani muda wote huo, aliingia, akaomba asomewe.

"Kwa hiyo tulishinda, Mama Hillegond?"

"Tumeandikiwa. Atakayekuja hapa na hasira, akasomewa hii, akarudi kwao, siku hiyo nitakwambia."

"Wewe huridhiki."

"Na kile kifungu cha watoro kimeondolewa wapi? Miaka ishirini ya meli za watumwa imeondolewa wapi? Tite amesoma nyongeza zote kumi. Muulize."

Safari hii Kapteni aliniuliza. Nilimwambia havijaguswa. Alivaa kofia yake, akasema siku njema, akaenda.

Wiki hiyo Mama aliandika waraka wake wa kwanza na wa pekee maishani, juu ya vifungu vile viwili. Kiingereza chake kilikuwa na Kiholanzi ndani yake, na hakutaka nikinyooshe. Chini hakuweka jina la kubuni. Aliweka Hillegond Terbos, mpiga chapa, Steenhoek, karibu na gati. Wanunuzi wengi wa milimani wakarudisha gazeti, na wa mjini pia. Kioo kimoja kilivunjwa. Tulitia mbao, na Jumanne iliyofuata tukachapa.